Chujio la Hewa la Injini: Namna ya Kulitia na Kulibadilisha Ipasavyo

Ukurasa huu leo unawaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla habari za kifaa kidogo ambacho aghalabu husahauliwa mpaka hasara imekwisha kutokea. Kifaa hicho ni chujio la hewa la injini, ambalo mafundi wa gereji huliita filta ya hewa. Kimo katika gari za Serikali na za watu binafsi, katika mashine za kusaga na kukoboa nafaka, na katika jenereta zinazotumika majumbani na madukani.

Mfano tulioutumia ni wa Same na Milima ya Upare, katika Mkoa wa Kilimanjaro, na sababu zake ni mbili. Kwanza, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Same, na watumishi wetu wanaosafiri kwa gari kwenda Arusha, wakiwemo wanaohudhuria vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupita njia hiyo. Pili, katika wilaya ile vumbi la nchi kavu na mwinuko mkali wa mlima vimekaribiana sana, na injini hupata taabu ya yote mawili katika safari moja. Chombo kinachotunzwa vyema mahali kama pale hakitashindwa kutunzwa Unguja na Pemba.

HALI YA SAME NA MILIMA YAKE

Milima ya Upare imegawika sehemu mbili. Upare Kaskazini iko katika Wilaya ya Mwanga, na Upare Kusini iko katika Wilaya ya Same. Kilele kirefu kuliko vyote ni Shengena, katika msitu wa Chome, chenye urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi huacha mvua yao nyingi katika miteremko inayozielekea, na zikivuka upande wa magharibi huwa zimekwisha kukauka. Ndiyo sababu juu mlimani hulimwa migomba, tangawizi na mboga, hali bondeni, tangu Hedaru na Makanya hadi Same mjini, nchi ni kavu yenye mkonge na miti ya miiba.

Gari inayoiacha lami katika sehemu hizo huingia katika vumbi jepesi linaloelea hewani kwa muda mrefu, hasa katika miezi ya kiangazi baina ya Juni na Oktoba. Makanya huchimbwa jasi, nayo hutoa unga wake mweupe. Ndungu, upande wa pili wa milima, kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na mpunga ukikobolewa pumba zake huruka na kuizunguka mashine yenyewe. Zaidi ya hayo, anayetoka bondeni kwenda Mamba, Mbaga, Suji, Vudee au Chome hana budi kupanda njia zenye kona nyingi, na kadiri anavyopanda hewa huzidi kuwa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, uzito wa hewa hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo injini huhitaji pumzi zaidi mahali ambapo pumzi yenyewe ni haba.

KAZI YA CHUJIO

Watu wengi hudhani kwamba injini hula mafuta tu. Ukweli ni kwamba hula hewa nyingi zaidi kuliko mafuta. Kuchoma lita moja ya petroli kunahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Gari inayotumia lita 10 za petroli kwa mwendo wa kilomita 100 huvuta, katika mwendo huo, hewa ipatayo lita 90,000, ambazo ni sawa na matangi 90 ya maji ya lita 1,000 kila moja. Hewa yote hiyo hupita katika mdomo mmoja usiozidi upana wa kiganja cha mkono.

Ikiwa hewa hiyo ina vumbi, ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga mgumu ambao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazodhuru zaidi ni ndogo mno kuliko upana wa unywele, na jicho haliwezi kuzitambua moja moja. Zikipita, hukaa baina ya pete za pistoni na kuta za silinda, huchanganyika na oili, na mchanganyiko huo husugua chuma kama msasa. Pete hulika, silinda hupanuka, mgandamizo hupotea, na oili huanza kuungua pamoja na mafuta. Hapo ndipo injini hutoa moshi wa buluu, hukosa nguvu na huwa nzito kuwaka asubuhi. Dawa ya hali hiyo ni kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, kazi ambayo gharama yake haikaribiani hata kidogo na bei ya chujio.

LILILOZIBA NA LINALOVUJA

Yapo makosa mawili yanayohusu chujio, na ni muhimu yasichanganywe.

Kosa la kwanza ni chujio kuziba. Chujio lililoziba hunyima injini hewa. Gari hupoteza nguvu mlimani, hutumia mafuta mengi, na ile ya dizeli hutoa moshi mweusi. Dereva anayepanda kutoka Same kwenda milimani huliona kosa hili mapema, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na upungufu wowote hujidhihirisha. Chujio lililoziba, kwa maneno mengine, hulalamika.

Kosa la pili ni chujio kuvuja, yaani hewa kupata njia nyengine ya kupita pembeni bila kuchujwa. Huenda ukingo wake haukukaa sawa, mpira wa kuzibia umekauka, kibanio kimoja hakikufungwa, au bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini limepasuka. Kosa hili halilalamiki. Injini huvuta hewa kwa wepesi, gari hupanda mlima vizuri, na dereva husifu kazi ya fundi. Wakati huo huo vumbi linaingia moja kwa moja katika silinda. Dalili zitakapoonekana, chuma kitakuwa kimekwisha kulika.

Wakulima wa Upare tangu zamani hujenga mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mifereji, ambayo huitwa ndiva. Mwenye kuitunza ndiva anafahamu kwamba ukubwa wa bwawa haufai kitu ikiwa ukingo umetoboka, maana maji hufuata tundu. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Hufuata njia iliyo nyepesi, na upenyo mdogo ulio wazi ni mwepesi kuliko karatasi ya kuchujia. Kwa hiyo jambo la kwanza kulitazama ni namna chujio lilivyokaa mahali pake. Usafi wake hufuata baada ya hapo.

Jambo jengine ambalo wengi hawalijui ni kwamba chujio lenye vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko lile jipya kabisa, kwa kuwa vumbi lililotangulia huziba matundu makubwa na kuzuia chembe ndogo. Kutokana na hayo, desturi ya kulifungua chujio kila siku na kulipigapiga haina faida. Kila mara linapofunguliwa, vumbi la nje hupata nafasi ya kuangukia ndani, na ukingo hupata nafasi ya kutokaa sawa.

NAMNA YA KULIBADILISHA

Maelezo yafuatayo yanahusu chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa, ambalo ndilo linalotumika katika gari nyingi.

1. Zima injini na uiache ipoe. Chagua mahali pasipo upepo, mbali na barabara inayopitwa na gari. Ukiwa safarini na hakuna mahali pa kujikinga, ngoja vumbi litulie kwanza.

2. Kabla ya kufungua, pangusa kifuniko na pembezoni mwake kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi lililokaa juu ya kifuniko ndilo litakaloanguka ndani ukiharakisha.

3. Fungua vibanio au skrubu, kisha toa chujio kuukuu taratibu bila ya kulitikisa. Tazama upande wake lilipokuwa, na kama lina mshale au maandishi, yaweke akilini.

4. Ziba mara moja mdomo wa bomba liendalo kwenye injini kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usisahau kukitoa mwishoni.

5. Chunguza upande wa ndani, yaani upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Pitisha kidole. Ukikuta vumbi au michirizi ya vumbi hapo, chujio lilikuwa likivuja, na lazima sababu yake itafutwe kabla ya kutia jipya. Hapa ndipo penye ushahidi wote, na fundi asiyepatazama hajamaliza kazi.

6. Safisha nyumba ya chujio kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize upepo wa pampu humo, kwani vumbi litasukumwa ndani ya bomba. Ikiwa chini pana kizibo cha mpira cha kutolea vumbi, kibinye kidondoshe vumbi lake, na uhakikishe hakikupasuka. Kizibo hicho ni sharti kielekee chini.

7. Linganisha chujio jipya na lile kuukuu kwa urefu, upana na unene wa mpira wa ukingo. Lisilolingana lirudishwe dukani. Chujio linalokaribiana haliwi sawa na chujio lenyewe, na tofauti ya upana wa ukucha inatosha kupitisha vumbi la mwaka mzima.

8. Mulika taa upande mmoja wa chujio jipya na utazame upande wa pili. Mwanga ukionekana kama nukta kali mahali pamoja, pana tundu, na chujio hilo lisitumike.

9. Toa kitambaa, tia chujio kwa kufuata mshale au alama, na ulikandamize kwa kushika ukingo, si katikati. Ukingo wote ulale katika mfereo wake pasipo kujikunja.

10. Rudisha kifuniko. Funga vibanio vyote kwa kuvikabilisha, kimoja cha upande huu na kimoja cha upande ule, ili kifuniko kikae sawa. Kibanio kimoja kilichovunjika hakifidiwi kwa kamba wala waya.

11. Kagua bomba la mpira tangu kwenye chujio hadi kwenye injini. Likunje kidogo kwa mkono, maana nyufa hujificha katika mikunjo yake. Kaza mikanda ya chuma inayolishika.

12. Andika tarehe na idadi ya kilomita katika kitabu cha gari.

YASIYOFAA KUFANYWA

Chujio la karatasi lisioshwe kwa maji, petroli wala mafuta ya taa, wala lisipakwe oili. Lisigongwe kwenye gurudumu wala ukutani, kwa kuwa ukingo hupinda na karatasi hupata nyufa zisizoonekana. Ikiwa hapana budi lisafishwe ili gari imalize safari, upepo wa pampu uwe wa nguvu ndogo na upulizwe kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa pampu ukiwa mbali kidogo na karatasi. Baadaye libadilishwe. Gari kubwa nyengine huwa na chujio la pili, dogo, ndani ya lile la nje. Hilo la ndani halisafishwi kabisa; likichafuka hubadilishwa, na uchafu wake ni dalili kwamba la nje lilivuja.

Ama muda wa kubadilisha, kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Lakini ieleweke kuwa muda uliotajwa kwa matumizi ya kawaida haukukusudiwa barabara za vumbi. Vitabu vingi huwa na fungu maalumu la matumizi mazito, na gari zinazofanya kazi katika njia za udongo ziwekwe katika fungu hilo. Dereva naye asaidie kwa mwendo wake. Asifuate gari nyengine kwa karibu ndani ya wingu la vumbi. Akikaa nyuma mpaka vumbi litulie, chujio lake litadumu zaidi, naye ataiona njia.

MASHINE ZA KUSAGA NA KUKOBOA

Mashine nyingi za dizeli zinazoendesha vinu vya vijijini, Upareni na visiwani pia, hutumia chujio la bakuli la oili. Hewa hushuka, hugusa oili iliyomo katika bakuli, huacha humo vumbi lililo zito, kisha hupanda kupitia nyuzi za chuma zilizolowana oili.

Chujio la namna hii lina masharti matatu. La kwanza ni kiasi. Oili ijazwe hadi kwenye alama, isizidi wala isipungue. Ikipungua, vumbi hupita. Ikizidi, oili yenyewe huweza kuvutwa ndani ya injini, na injini ya dizeli inayovuta oili huweza kuongeza mbio bila ya kuzuilika hata ikikatiwa mafuta, jambo ambalo ni hatari kwa mashine na kwa watu walio karibu. Sharti la pili ni usawa. Mashine iliyofungwa kwa kuinama, kama iwezavyo kutokea kwenye mteremko wa mlima, huwa na oili upande mmoja na ukavu upande wa pili. Msingi wake upimwe kwa pima maji wakati wa kuijenga. Sharti la tatu ni usafi. Zima mashine, ngoja oili ishuke, fungua bakuli, na ukikuta tope limekaa chini au oili imekuwa nzito, imwage yote mahali pasipo chanzo cha maji, osha bakuli kwa dizeli au mafuta ya taa, kisha tia oili safi. Petroli isitumike kuoshea, kwa kuwa hushika moto upesi.

Mwenye kinu asingoje miezi ipite. Katika msimu wa mavuno, vumbi la pumba ni jingi kuliko la barabara, na bakuli lifaa litazamwe kila asubuhi kabla ya kazi kuanza.

JENERETA ZA NYUMBANI

Wananchi wa Unguja wanakumbuka kipindi cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme, na jenereta zikawa mlio wa kila mtaa. Nyingi za jenereta hizo ndogo zina chujio la sponji. Hili, tofauti na la karatasi, huoshwa. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamuliwe kwa kubanwa na si kwa kusokotwa, likaushwe kivulini, lidondoshewe oili ya injini kidogo, kisha libanwe mpaka iliyozidi itoke. Sponji iliyoanza kumeguka haifai tena.

Pamoja na hayo, jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, barazani palipofungwa wala karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna chujio linaloizuia hewa hiyo.

Watumishi wa maofisini nao wana fungu lao. Viyoyozi vina vichujio vyepesi vya wavu nyuma ya kifuniko cha mbele. Umeme ukizimwa, vichujio hivyo hutolewa, huoshwa kwa maji, hukaushwa na kurudishwa katika mifereo yake. Mlango wa chumba kukaa wazi na kichujio kukaa nje ya mfereo ni mambo mawili ya aina moja.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Maafisa usafiri wanakumbushwa kununua machujio kwa namba ya kifaa iliyomo katika kitabu cha gari, na si kwa kukisia umbo. Watunza ghala wayahifadhi ndani ya maboksi yake, mahali pakavu, bila ya kuyawekea mizigo juu. Madereva wanaopokea gari kutoka gereji wana haki ya kufunguliwa kifuniko na kuoneshwa kazi iliyofanywa, na fundi mwaminifu hatakasirika kuulizwa.

Jambo hili lisidharauliwe kwa udogo wake. Katika vijiji vya mlimani, kama katika vijiji vyetu vilivyo mbali na hospitali, gari ya wagonjwa ikikosa nguvu njiani haichelewi yenyewe tu. Mama aliyeshikwa na uchungu, au mtoto mwenye homa kali, huchelewa pamoja nayo. Kinu kimoja kikifa, kina mama wa kijiji kizima hutembea na mizigo ya nafaka kichwani hadi kijiji cha pili. Mali ya umma ni amana, na amana hutunzwa katika mambo madogo kwanza.

Wananchi na watumishi wote wanaombwa kuyakagua machujio ya vyombo vyao kabla ya kiangazi kuanza, wakitazama kwanza ukingo, kisha bomba, kisha karatasi.